Mjomba, mwizi wa chama chako naye ni mwizi

Haya ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, Newala, Tandahimba, Nachingwea, Liwale, wote mliojiunga hapa, wakubwa shikamooni. Leo sizungumzii maisha ya huku wala bei za magari, kuna kitu kimenikaa rohoni nataka nikitoe, naombeni msiikatishe video njiani.

Mimi nakaa New Jersey, Marekani. Seneta wetu wa hapa alikuwa Bob Menendez, wa chama cha Democrat. Mwaka 2022 FBI waliingia nyumbani kwake wakakuta keshi zaidi ya dola 480,000, nyingine kwenye bahasha, nyingine zimefichwa kwenye nguo kabatini, na vipande vya dhahabu juu yake. Akasema hiyo ni akiba yake ya miaka mingi. Kuna wenzake wa chama walimwambia jiuzulu, na hilo nawasifu, lakini kazini kwangu kuna watu walimtetea mpaka 2024 mahakama imemtia hatiani, na hata alipopigwa miaka 11 bado wanasema kaonewa.

Sasa hao wa chama pinzani, Republican, waliokuwa wanamcheka, wao walikuwa na George Santos, mbunge aliyedanganya mpaka shule alizosoma, akakiri mwenyewe mahakamani makosa ya utapeli, akafungwa miaka zaidi ya saba, hata miezi mitatu hajamaliza ndani, Oktoba 2025 Trump akamtoa, na moja ya sababu alizozitaja mwenyewe Trump ni kwamba huyu bwana siku zote alipigia kura Republican. Yaani kosa halitazamwi, inatazamwa kadi!

Na msiseme hayo ni ya Wazungu. Sisi tumesahau 2015? Mwaka 2007 Chadema pale Mwembe Yanga walisoma orodha ya mafisadi, jina la marehemu Lowassa limo, 2008 akajiuzulu uwaziri mkuu kwa kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond. Mahakamani hakuwahi kutiwa hatiani, lazima niliseme hilo. Ila 2015 alipohamia Chadema akawa mgombea wao wa urais, usiku mmoja tu waliokuwa wanamwita fisadi wakaanza kudai ushahidi uko wapi, na waliokuwa wanadai ushahidi wakaanza kumwita fisadi. Watu walewale, midomo ileile! Dokta Slaa wa Chadema, aliyeisoma ile orodha, akaona bora aachane na siasa za chama. 2019 mzee akarudi CCM, na maneno yakageuka tena.

Kilichonifanya niwashe kamera leo ni grupu letu la familia la WhatsApp. Msimu wa korosho watu wamepeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, mnada umepita, mnunuzi kalipa, halafu mkulima anaangalia simu hela haijaingia, akiuliza anaambiwa mara akaunti imekosewa, mara makato, makato yenyewe hayaelezeki. Dada yangu mdogo akaandika kwenye grupu kwamba kiongozi mmoja wa chama chetu cha msingi anajenga nyumba ya pili. Mjomba akamjibu "acha siasa za wapinzani".

Mjomba, shikamoo, najua unaangalia. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho, na mimi umenilea, ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mikorosho yako wewe. Lakini hizo kilo ni za kwako pia mjomba! Na wewe hujalipwa! Unamtetea mtu aliyekaa na hela yako kwa sababu mnavaa shati la rangi moja? Na kesho akikamatwa wa upande wa pili wewe ndiye utakuwa wa kwanza kuforwad.

Naomba kitu kimoja. Kwenye mkutano mkuu wa AMCOS nyoosha mkono, omba wasome ripoti ya ukaguzi ya COASCO, lile shirika la serikali linalokagua vyama vya ushirika, mbele ya wanachama, neno kwa neno, na orodha ya malipo kwa majina na kilo. Wakikataa wewe ndiye uwe wa kwanza kuuliza kwa nini, maana wewe wa chama chao watakusikiliza kuliko dada yangu.

Haya, nawahi shifti. Nyie wa AMCOS nyingine niandikieni hapo chini, kwenu wamelipa?