Dume Anayetunga Kiini cha Yai

Wazee wangu wa Mikindani, ndugu wavuvi, nanyi vijana mnaosoma sayansi,

Tukitaja sumu majini, wengi huwaza samaki waliokufa wakielea, kama ilivyo baada ya baruti kulipuka. Hofu yangu ni juu ya uchafuzi usioua, unaomwacha samaki akiwa mnono, akiogelea na wenzake, ila hazai.

Ovari ya samaki jike hutoa homoni ya estrojeni, nayo huliamuru ini litengeneze protini ya kiini cha yai, ambayo husafiri kwa damu hadi kwenye mayai yanayokua. Ini la dume lina uwezo huohuo, lakini amri hiyo kwa kawaida halipati. Kemikali inayofanana na estrojeni ikipenya kupitia matamvua, ini hudanganyika: dume hutunga kiini asicho na yai la kukipokea, na korodani zake huweza hata kuota mayai, kama ilivyoonekana Uingereza miaka ya 1990 katika mito inayopokea majitaka yaliyokwisha kusafishwa. Nalirudia neno hilo: yaliyosafishwa.

Huko Kanada, kuanzia 2001 hadi 2003, watafiti walitia katika ziwa dogo, lijulikanalo kwa namba 260, estrojeni ya vidonge vya uzazi wa mpango, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Samaki wadogo, ambao maisha yao ni mafupi, walikaribia kutoweka kwa kukosa vizazi. Kisha wakubwa waliowala wakapungua. Dawa ilipokoma, wale wadogo walirejea baada ya miaka kadhaa, na hilo hunipa moyo.

Kwetu, mvua husomba yaliyomo vyooni na mashambani hadi kwenye mikoko, mahali samaki wachanga wanapokulia. Silaumu salfa ya mikorosho, maana haiigi homoni. Nazungumzia baadhi ya viuadudu, pamoja na mabaki ya DDT, ambayo hukaa ardhini miaka mingi.

Ndugu wavuvi, mtaniambia kwamba chewa huanza maisha akiwa jike na baadaye hugeuka dume. Ni kweli, na ni maumbile yake. Ndiyo sababu kumpasua samaki na kumtazama hakutoshi: madume ya ghuba hii yachukuliwe damu, na itafutwe ndani yake ile protini ya kiini cha yai.