Kebo wakitoa stesheni za jiji lako, anza na antena

Wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za leo. Niende moja kwa moja maana najua kilichowaleta wengi. Umewasha tivi jioni upate habari au mechi, unakuta stesheni ya ABC au CBS ya jiji lako haipo, kuna tangazo la kampuni ya kebo linasema wenye stesheni wanadai hela nyingi mno, ukienda kwa wenye stesheni nao wanasema kebo ndo wabaya, na wote wawili wanakuomba upige simu ukamlalamikie mwenzake. Bili inakuja vilevile.

Ugomvi wenyewe uko hivi. Sheria ya kebo ya hapa Marekani ya mwaka 1992 inampa mwenye stesheni achague kila miaka mitatu, ama alazimishe kebo imbebe bila malipo, ama adai hela ndo atoe ruhusa. Wakubwa wanachagua hela. Mkataba ukiisha hawajaelewana, kebo haina tena haki ya kuirusha ile chaneli, inazimwa. Na wanajua wakati wa kubanana. Oktoba 2010 wateja wa kampuni ya kebo ya Cablevision walikosa mechi mbili za mwanzo za World Series, fainali za besiboli, sababu stesheni ya Fox ilikuwa imetolewa, na Agosti 2013 Time Warner Cable walikaa kama mwezi mzima bila CBS ndani ya New York, Los Angeles na Dallas, wakaja kuelewana msimu wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ukiwa mlangoni.

Sasa naomba mnisikilize hapa, maana hili ndo linaloniuma. Ile chaneli haijazimwa. Mnara unarusha muda huu tunaoongea, bure, stesheni ina leseni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya hapa Marekani, kwa ajili ya kuhudumia watu wa eneo lake. Kilichokatwa ni waya wa kebo tu. Kuna wazazi wetu wanalipa kila mwezi, miaka na miaka, kwa kitu kinachopita juu ya paa lao bure kabisa, na hakuna aliyewaambia! Chukua bili yako uisome mstari kwa mstari, kebo nyingi zina ada ya stesheni za hewani iliyotengwa na bei ya kifurushi. Kama stesheni imetolewa piga simu uwaambie hela hiyo warudishe kwenye bili, usingoje wakukumbuke wao.

Basi antena. Tivi yoyote iliyotengenezwa kwa soko la hapa kuanzia Machi 2007 ina kipokezi cha dijitali ndani yake, huhitaji king'amuzi, unachomeka waya wa antena kwenye tundu la nyuma, unaingia kwenye menyu, unaiambia itafute chaneli. Menyu itakuuliza antena au kebo, na hapo ndo wengi wanakwama, wanaacha palepale kwenye kebo halafu wanasema antena mbovu.

Kabla hujanunua ingia kwenye ramani ya FCC ya mapokezi ya tivi, weka anwani yako, itakuonyesha minara iko upande gani na nguvu ya kila stesheni. Angalia pia namba ya masafa halisi. Stesheni inayojiita 7 kwenye skrini inaweza kuwa inarushwa kwenye masafa mengine kabisa, na masafa halisi ya 2 mpaka 13 ni VHF, 14 mpaka 36 ni UHF. Zile antena bapa nyembamba kama karatasi za kubandika dirishani zinashika UHF vizuri ila VHF zinasumbua, kwa VHF tafuta yenye vijiti virefu. Ibandike dirisha linaloelekea minara, na ujue vioo vingine vina utando wa madini wa kuzuia joto, vinazuia na mawimbi pia, so jaribu dirisha lingine au ukuta wa upande huo. Kila ukiihamisha tafuta chaneli upya. Enzi za analogi ungeona chenga ukajua unakaribia, dijitali ama picha safi ama inakatika vipande vipande, kwahiyo sogeza kidogo kidogo na subira. Kikuza mawimbi usikimbilie, ukiwa karibu na mnara kinaharibu badala ya kusaidia, kina maana waya ukiwa mrefu au ukigawa kwa tivi kadhaa.

Wanaopanga, mwenye nyumba akikukatalia, kuna kanuni ya FCC ya tangu 1996 inayokulinda kuweka antena sehemu ambayo ni yako peke yako kutumia, mfano balkoni yako. Paa la pamoja la jengo halimo, hilo lazima muongee.

Kuna ambao antena haitawasaidia, yuko nyuma ya mlima au mbali sana na minara. Huyo aende mtandaoni. YouTube TV, Hulu + Live TV na Fubo zinabeba stesheni nyingi za miji, japo weka anwani yako uhakikishe kabla hujalipa, na ujue nao wanagombana hivihivi, YouTube TV walikosa chaneli za Disney pamoja na ABC kuanzia mwisho wa Oktoba 2025 mpaka katikati ya Novemba. Kama unachokosa ni CBS peke yake, kifurushi cha juu cha Paramount+ kinayo mubashara, NBC iko kwenye cha juu cha Peacock, PBS wana programu yao ya bure, na stesheni nyingi zinaweka taarifa zao za habari bure kwenye programu zao. Kwa mtu wa habari tu hiyo inatosha, hana haja ya kulipa.

Mtasikia pia huduma za kukuletea stesheni za hewani kupitia intaneti kwa bei ya kutupa. Aereo ilijaribu, Mahakama ya Juu ya nchi ikaikataa Juni 2014, Locast nayo ikafunga 2021 baada ya kushindwa kortini. Ukiona nyingine usilipe mwaka mzima kwa mkupuo.

Ukitaka kurekodi, kuna visanduku kama Tablo na HDHomeRun, unaunganisha antena moja na tivi zote za nyumbani zinaangalia kwa intaneti ya ndani. Uliza tu kwanza kama kinasoma ATSC 3.0, yaani mfumo mpya wa kurusha tivi hewani, na kama kinasoma, kinafungua chaneli zilizofungwa kwa msimbo? Maana baadhi ya stesheni zimeanza kufunga matangazo ya mfumo huo mpya, kisanduku kinaiona chaneli ila picha haitoki. Ule wa zamani bado unarushwa, hivyo tivi uliyonayo inakufaa.

Haya, mwenye swali la nyumba yake aje na anwani tufungue ramani hapa hapa.