Mbwa Jike Anayevuja Mkojo Usingizini: Uchunguzi Uanzie Wapi?

Madaktari wenzangu, nanyi mnaofuga mbwa, ahsanteni kwa kuja.

Akiletwa jike aliyetolewa kizazi na mwenyewe akasema "anakojoa ndani", kwanza nauliza: je, anachuchumaa? Anayechuchumaa anajua anachofanya. Huenda kibofu kinamuuma, au mkojo umekuwa mwingi. Anayeamka akaacha malazi yamelowa, na akiwa macho anakojoa kama kawaida, huyo ndiye anayevuja.

Kwa waliotolewa kizazi, mara nyingi chanzo ni kulegea kwa misuli inayobana njia ya mkojo, kwa kuwa estrojeni, homoni ya kike iliyokuwa ikiisaidia, imepungua. Huanza miezi, hata miaka, baada ya upasuaji, na mbwa wa zaidi ya kilo 20 hupatwa zaidi. Aliyevuja tangu utotoni ni habari nyingine: chunguzeni kama mrija unaotoka kwenye figo umeingia pasipo mahali pake.

Nawasihi sana, msiruke kipimo cha maji. Mwenye mbwa apime anayomimina na yanayobaki baada ya saa 24. Yakizidi mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, anakunywa kupita kiasi: tutafute kisukari, ugonjwa wa figo au wa tezi za adrenali, zilizo karibu na figo. Tena magonjwa mawili huweza kukaa pamoja, maana misuli iliyolegea kidogo huhimili kibofu cha kawaida, ila mkojo ukizidi hushindwa. Na kumnyima maji ili sakafu ikauke ni kumtesa. Figo zikiwa mbovu, ni kumhatarisha.

Kisha mkojo wenyewe: tupime ukolevu, sukari na damu, halafu tuoteshe bakteria maabara kuona kama kuna maambukizi. Sampuli ya kuotesha ivutwe kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofuni, kwani mkojo wa sakafuni hubeba vijidudu vya sakafu. Akishakojoa, mpapase tumbo. Kibofu kikiwa bado kimejaa, fikirieni mishipa ya fahamu au kuziba kwa njia. Altrasaundi itaonyesha mawe na uvimbe.

Hayo yote yakiwa safi, ndipo tujaribu dawa: fenilipropanolamini, inayokaza misuli ya njia ya mkojo, au estrioli, aina ya estrojeni. Ile ya kwanza huweza kupandisha shinikizo la damu, basi lipimeni kabla. Akikauka, utambuzi wetu umepata nguvu. Asipokauka, msikimbilie kuongeza dozi: rudieni kuotesha mkojo, na mwulizeni tena mwenyewe ameona nini.