Karoti zinazong'aa, na kwa nini za Sele ziliungua

REHEMA: Haya karibuni tena jamani, mi naitwa Rehema, niko na mdogo wangu Sele kama kawaida, na leo hatuko pale mezani kwetu, tuko jikoni kabisa, kwa hiyo mkisikia kitu kinachemka huko nyuma msidhani maiki imekufa, ni sufuria.

SELE: Kikaango, da Rehema. Umenisema mimi hapa sasa hivi kabla hatujarekodi.

REHEMA: Haya kikaango, nimekosa. Na hilo neno mtalisikia sana leo. Tunapika karoti, zile zinazong'aa kama zimepakwa vanishi, unaweka pembeni ya kuku au samaki na watu wanadhani umekesha jikoni wakati ni dakika ishirini tu na hapo umeshahesabu na kumenya.

SELE: Kabla hujaendelea acha nitubu. Wiki iliyopita nilijaribu mwenyewe, nikajiambia, kung'aa si ni sukari? Basi nikamimina asali vijiko vitatu kwenye kikaango kikavu, karoti juu, moto mpaka mwisho. Aisee. Nje nyeusi tii, ndani ukiuma inalia kwachu! Afu kile kikaango nimekiloweka siku mbili.

REHEMA: Unacheka lakini hilo kosa wengi wanalo. Asali ina fruktosi nyingi, ile sukari ya matunda, na fruktosi inaanza kubadilika rangi mapema, kwenye nyuzi 110 hivi, sukari nyeupe inavumilia mpaka kama 160. Kikaango kikavu juu ya moto mkali kinapita hapo bila hata kukuaga.

SELE: Kwa hiyo asali marufuku.

REHEMA: Nani kasema marufuku? Shida yako hukuweka maji. Maji yakiwepo mle ndani joto haliendi mbali zaidi ya nyuzi 100, karoti inaiva kwa amani yake, sukari haiungui. Maji yakiisha ndo joto linapanda ghafla. Kwa hiyo hii kazi nzima ya leo ni kuyaangalia maji yanavyoondoka, yani sukari ni kidogo mno, nusu kilo ya karoti naweka kijiko kimoja cha chakula basi, karoti yenyewe ina utamu wake, gramu mia moja ina sukari kama gramu tano hivi.

SELE: Nusu kilo ni ngapi kwa mtu asiye na mizani?

REHEMA: Sita, saba, za saizi ya kati. Na siagi vijiko viwili vya chakula, kama gramu 30. Chumvi nusu kijiko cha chai. Maji mimina mpaka yafike nusu ya kimo cha karoti, usizizamishe, ukizizamisha utakuwa unachemsha, na kusubiri yale maji yote yakauke zitakuwa zimeshakuwa uji.

SELE: Mi namenya tu nakata duara duara, sioni tofauti.

REHEMA: Duara sio mbaya ila angalia karoti ilivyo, kichwani nene, mkiani nyembamba kama kalamu. Ukikata vipande vya unene mmoja bado vya kichwani vina ule moyo mgumu katikati na vya mkiani vinaiva kabla hata hujageuka. Mi nafanya hivi, njoo uone, nakata mshazari, naizungusha karoti robo, nakata tena mshazari, nazungusha. Nikifika kichwani kwenye unene naipasua katikati kwanza. Vinatoka vipande vina kona kona, havifanani sura ila uzito unakaribiana, na zile pande zilizokatwa ndo zinashika ule mng'ao vizuri.

SELE: Na zile karoti ndogo ndogo za pakiti, hazihitaji kumenywa?

REHEMA: Zile nyingi sio karoti changa, ni karoti kubwa zimechongwa na mashine. Zinaiva sawa, ila mi nazionaga ladha imepooza. Kama ndo ulizo nazo tumia, hatugombani.

SELE: Sasa mnaosikia, ameziweka kwenye kikaango kipana, zote zimelala chini hazijapandiana, siagi, sukari, chumvi, maji. Ameweka na karatasi juu. Karatasi ya nini da Rehema?

REHEMA: Karatasi ya kuokea, nimeikata duara na katundu kadogo katikati. Inashika mvuke kiasi, inaacha kiasi kitoke. Huna karatasi funika mfuniko uache mwanya. Dakika saba nane moto wa wastani, afu unachoma na ncha ya kisu, kisu kiingie lakini kikaze kidogo, usingoje kiteleze kama kwenye siagi maana bado kuna kupika mbele.

SELE: Mimi nilisikia kuna za Kifaransa zinapikwa na maji ya chupa, nikaona hii sasa ni kutafutana.

REHEMA: Hahaha, za Vichy hizo, ni mji huko Ufaransa una chemchemi za maji ya madini. Na sio maringo matupu, yale maji yana baikaboneti, na baikaboneti inalainisha mboga haraka, inavunja ile gundi inayoshikilia karoti iwe ngumu. Hata bekin soda ukitia chembe inafanya hivo hivo, ila ikizidi karoti inateleza mdomoni na kuna ladha ya sabuni. Mi sitii. Ila hapo unapata jibu la kitu kingine, limau. Tindikali inafanya kinyume, inaifanya mboga ikatae kulainika. Ukikamulia limau mwanzoni utakaa hapo unasubiri unajiuliza kosa liko wapi.

SELE: Kwa hiyo limau mwishoni.

REHEMA: Mwishoni kabisa, moto umezimwa. Haya, toa karatasi. Ongeza moto. Sasa nyamaza usikilize.

(sauti ya kuchemka)

SELE: Inachemka tu.

REHEMA: Hiyo ni sauti ya maji, chwaaa, mapovu madogo madogo ya haraka. Subiri. We shika hicho kikaango ukitikise, usikoroge na mwiko utavunja kona zake, tikisa tu kwa mkono.

SELE: Huku natikisa mwenzenu. Afu dada swali, siagi lazima? Kuna mtu ataweka mafuta.

REHEMA: Mafuta ya kula yanapika sawa ila mng'ao hautakuwa mzito vile. Siagi ina maji ndani na ina protini za maziwa, ukiitikisa na yale maji ya karoti yenye sukari vinashikana vinakuwa kama sosi. Na mafuta ya aina yoyote usiyatoe kabisa, ile rangi ya chungwa ya karoti ambayo mwili unaigeuza vitamini A inataka mafuta ndo ifyonzwe vizuri. Haya, umesikia imebadilika?

SELE: Ee! Imekuwa nzito. Pwa, pwa, pwa. Mapovu makubwa yanapasuka taratibu.

REHEMA: Hapo ndo penyewe, usiondoke hapo hata simu ikiita. Kuna kama dakika moja na nusu kati ya hapo na...

SELE: Na zangu za wiki iliyopita.

REHEMA: Umesema mwenyewe. Sasa viungo, hapa ndo unaweka tangawizi iliyokunwa kama unaipenda, au bizari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa, inakubaliana sana na karoti, pilipili manga. Watu wanaweka mdalasini, mi mdalasini hapana, naona kama nakula keki iliyokosewa, lakini ni mdomo wangu huo.

SELE: Mimi mdalasini naupenda.

REHEMA: Ndo maana nimekupa kazi ya kutikisa.

SELE: Dada. Dada angalia. Hii nini, mafuta yamejitenga? Karoti zilikuwa zinang'aa sasa hivi zimekuwa kama zina madoa, na chini kuna mafuta matupu.

REHEMA: Ona, mdalasini huo umetuchelewesha. Hiyo imekatika, maji yamekauka kupita kiasi na siagi haina cha kushikana nacho. Usitupe, usiongeze siagi, hilo ndo kosa la pili ambalo watu wanafanya, wanaona haing'ai wanaongeza siagi inazidi kuogelea. Lete maji, kijiko kimoja, viwili, vya chakula. Mwagia. Tikisa, tikisa kwa nguvu!

SELE: Ah! Ah jamani. Imerudi. Mnaosikia mngeiona hii, yani nimemwaga maji vijiko viwili na mafuta yamepotea, karoti zimevaa tena.

REHEMA: Zima moto hapo hapo. Sasa limau, robo tu, kamua. Onja moja, angalia moto.

SELE: Mmh... mmmh. Chumvi iko sawa. Ina utamu lakini sio peremende. Na haijapondeka, inakata.

REHEMA: Kama una wageni na hutaki kusimama jikoni wameshakaa, ishia pale kabla ya kutoa karatasi, zima, ziache na maji yake. Wakikaa mezani ndo unawasha moto mkubwa dakika nne tano unamalizia. Hizi zilizokwisha kung'aa hazipendi kusubiri, zikipoa siagi inaganda inakuwa nyeupe nyeupe inatia aibu. Ikikukuta, kijiko cha maji, moto, tikisa, kama tulivyofanya.

SELE: Na zikibaki mpaka kesho?

REHEMA: Dawa ni hiyo hiyo ya maji, ila zitalainika zaidi. Mi zilizobaki nasaga supu... Sele, we Sele, hizo zilikuwa za kupiga picha.

SELE: Nilikuwa naonja tena chumvi.

REHEMA: Vipande vingapi vya chumvi?

SELE: Zimebaki kama nane. Piga picha kwa karibu, haitajulikana.