Panya Ndani ya Mwamba wa Tororo

Mhadhara uliotolewa Tororo mbele ya wastaafu wa reli na vijana wanaotengeneza modeli za treni

Wazee wenzangu wa reli, akina mama, na ninyi vijana mliofuata soda, karibuni. Mara iliyopita nilizungumzia jinsi ya kukunja reli ndogo bila kuivunja. Leo mmeniomba nizungumze juu ya panya. Nasikia kuna wanaocheka hapo nyuma. Anayecheka bado hajatandaza reli nyumbani kwake.

Kwa wageni nieleze kidogo. Katika chumba changu cha nyuma kuna meza ya mbao, na juu yake nimejenga njia ya kutoka Malaba hadi Jinja, kwa kipimo cha moja kwa 87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87. Njia yetu halisi ina upana wa milimita 1,000, kwa hiyo yangu ni milimita 12, na hesabu inakaribiana. Kichwa cha treni ninachokipenda ni Garratt, lile dude la mvuke, la aina iliyopewa namba 59. Ziliundwa 34 kule Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Najua, mzee, usininyooshee kidole: zile zilifanya kazi zaidi kati ya Mombasa na Nairobi, huku kwetu reli ilikuwa nyepesi. Lakini chumba ni changu na umeme nalipa mimi.

Sasa kisa chenyewe. Krismasi moja wajukuu walijaa chumbani, nikawasha. Treni ikatoka Tororo vizuri, ikapita Nagongera, ilipokaribia Iganga ikasimama. Nikasema ni vumbi. Nikafuta reli kwa kitambaa chenye spiriti, nikawasha tena, ikasimama palepale. Safari ya tatu kidhibiti, kile kifaa kinachopeleka umeme relini, kikalia na kujizima, maana yake njia imepiga shoti. Wajukuu wakaondoka kwenda kucheza mpira. Nilikaa chini ya ile meza siku mbili na tochi mdomoni, mtu mzima, mpaka nikaziona: waya nyekundu na waya nyeusi zimetafunwa, zimebaki shaba tupu, zimelaliana kama wapenzi.

Hapo ndipo nilipoanza kunusa. Kuna harufu ya mkojo wa panya ambayo ukiijua huwezi kuisahau. Ilikuwa inatoka kwenye Mwamba wa Tororo, ule wa modeli mezani, mfano wa huu unaosimama juu ya mji wetu. Mwamba wangu niliutengeneza kwa magazeti niliyoyaloweka kwenye uji wa unga wa ngano, nikayabandika juu ya wavu, nikapaka rangi. Mlipokuja kuutazama mliusifu sana. Nilipoukata kwa kisu nilikuta ndani nyumba kamili: karatasi zimechanwa nyembamba kama tumbaku, katikati kuna pamba, na juu ya pamba watoto sita wekundu, vipofu, hawana hata unyoya. Mama yao alikuwa amekwenda kazini, bila shaka kwenye waya zangu.

Watu huniuliza panya anafuata nini kwenye treni. Treni hana habari nayo. Mimi nilimjengea ghala nikaliita reli. Hebu hesabuni. Kuta za mwamba ni unga wa ngano, yaani chakula. Majani ya kando ya njia ni mkonge, yaani matandiko. Lile povu jeupe gumu linalokuja na boksi la televisheni, ambalo nilitengenezea vilima vya Busoga, halina kazi nzuri kuliko kuchimbwa mashimo. Na mabehewa ya mizigo, kwa kiburi changu cha kutaka kila kitu kiwe halisi, niliyapakia mahindi halisi, simsim halisi na pamba halisi, kwa sababu reli hii ndiyo iliyobeba pamba na kahawa ya Uganda. Mahindi yaliliwa. Simsim ililiwa. Pamba ndiyo ile waliyolalia watoto. Mzigo pekee uliofika salama ni shaba ya mgodi wa Kilembe kule magharibi, ile iliyosababisha njia ifikishwe Kasese mwaka 1956, kwa kuwa niliitengeneza kwa kokoto zilizopakwa rangi.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna neno moja, panya, kwa yule mdogo wa nyumbani na yule mkubwa wa darini. Neno moja limetuponza. Panya mkubwa ni mwoga wa kitu kipya. Ukimwekea mtego leo ataukwepa siku kadhaa, kwa hiyo unamwachia chambo bila kuutega mpaka azoee. Yule mdogo ni mdadisi. Kitu kipya kikiwekwa njiani mwake atakwenda kukikagua usiku uleule. Kwa hiyo ukitumia mbinu ya mkubwa kwa mdogo unampa chakula cha bure, na ukitumia mbinu ya mdogo kwa mkubwa unakaa bure. Kinyesi kitakwambia unashindana na nani: cha mdogo ni kama punje ya mchele, chenye ncha, cha mkubwa ni kinene, karibu na ukubwa wa haragwe dogo.

Yule mdogo, ambaye ndiye wangu, ana uzito usiozidi gramu 30. Hubeba mimba siku 19 hadi 21, huzaa watano au sita na mara nyingine zaidi, na binti zake baada ya majuma sita hivi wanaanza nao. Hali mlo mmoja akashiba. Anadonoa hapa kidogo, pale kidogo, usiku kucha, na kila anapopita anadondosha. Haendi mbali na kiota, mara nyingi havuki mita kumi. Kwa hiyo panya wa kwenye reli yako anaishi kwenye reli yako, au ukutani nyuma yake. Usimsingizie jirani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dawa. Nilikwenda sokoni nikanunua pakiti isiyo na jina wala maelezo, punje za rangi ya waridi, nikazisambaza chini ya meza. Zilifanya kazi, sikatai. Panya walikufa, lakini walifia ndani ya vilima vya Busoga, mahali nisipoweza kupafikia bila kubomoa kazi ya miaka miwili. Kwa majuma matatu chumba hakikuingilika, na mama watoto akahamishia milo yote chini ya mwembe. Paka wa jirani naye akaanza kulegea. Dawa nyingi za panya huzuia damu isigande, na anayemla panya aliyekula sumu anaweza kuila sumu hiyo naye. Warfarin yenyewe ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, halafu mwaka 1954 ikakubaliwa kuwa dawa ya wanadamu ambao damu yao huganda isipotakiwa. Wazee wawili humu wanaimeza, na hawakujua ndugu zake ni nani. Nyumba yenye wajukuu haifai kuwa na punje za rangi sakafuni. Hilo silijadili.

Paka, je? Paka ni mzuri nje ya chumba. Ndani ya chumba alilala juu ya transfoma kwa kuwa ina joto, akaamka, akajinyoosha, akaangusha daraja la Jinja. Vifaa vya kupiga kelele isiyosikika na sikio la mtu, panya huvizoea. Vidonge vya naftalini vinamuumiza anayepumua humo ndani, na anayepumua humo kwa saa nyingi ni wewe.

Kilichofanya kazi ni mtego wa ubao wenye springi, ule wa kawaida kabisa, ila uutege kwa akili. Panya hutembea akigusa ukuta kwa ndevu zake. Kwa hiyo usiuweke mtego katikati ya chumba kama sadaka. Uweke umeuelekea ukuta, upande wenye chambo ukigusa ukuta, ili akija kutoka kulia au kushoto aukute. Na usiweke mmoja. Mimi nilitega kumi kwa usiku mmoja, umbali wa mita moja moja au mbili, nikashika wanne. Chambo si mukene, wale dagaa wa ziwani. Mukene huvutia sisimizi. Paka odii kidogo, ule uji mzito wa karanga na simsim, kiasi cha punje ya mahindi, maana ukipaka nyingi atailamba pembeni bila kugusa kifyatuo. Na kuna hila moja: kama mwanamke wa panya anatafuta matandiko, fungia kijipamba kwa uzi kwenye kifyatuo. Akivuta pamba, amejivuta mwenyewe. Amkeni alfajiri mwitazame. Usimwache mnyama akiteseka mpaka jioni.

Lakini mtego unamwondoa aliyepo. Mwezi Julai mashamba yakivunwa, wa nje wote wanatafuta paa. Dawa ya hilo ni penseli. Pitia ukuta mzima, chini ya mlango, pale waya wa umeme unapoingia, na hasa juu, ambapo mawimbi ya mabati yanalala juu ya ukuta yakaacha matundu. Pote penseli inapoingia, panya anaingia. Tundu la milimita 6 linamtosha. Shindilia humo zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha ziba kwa saruji. Saruji mbichi peke yake ataichimba kabla haijakauka. Na wavu wa kuku usiuamini. Tundu la wavu wa kuku kwake ni geti.

Halafu nikakumbuka nyumbani kwa bibi yangu, kule Teso. Ghala la wimbi lilisimama juu ya miguu, na kila mguu ulivikwa bati lililopanuka kwa chini kama sketi. Panya alipanda mpaka kwenye bati, akakwama, akashuka. Meli zikifunga bandarini Mombasa, kamba zake nazo huvishwa sahani za bati kwa sababu hiyohiyo. Sasa mtu niliyekulia chini ya ghala kama lile nilijenga meza yenye miguu ya mbao iliyo wazi, nikaisukuma ikagusa ukuta, na juu yake nikateremsha rundo la waya hadi sakafuni kama ngazi! Leo kila mguu wa meza yangu una sketi ya bati laini. Meza iko mbali na ukuta kiasi cha urefu wa mkono, maana panya huruka hadi sentimita 30. Waya zinaingia mahali pamoja tu, ndani ya bomba la chuma.

Nilipojenga upya sikutumia unga hata kijiko. Vilima ni plasta juu ya wavu, gundi ni ile nyeupe ya maseremala. Na hili ndilo nililotaka hasa vijana mlisikie, hata kama mengine yote mtayaacha: kila kilima kinainuka. Mwamba wa Tororo sasa naushika kwa mikono miwili, nauweka kitini, natazama chini yake, naurudisha. Vilima vya Busoga viko vipande vinne. Mafundi mnapenda mlima ulioungana na meza usioonyesha mshono, nami nilipenda hivyo. Mshono naufunika kwa kichaka. Mlima usioinuka hutajua kinachoendelea ndani yake mpaka harufu ikwambie. Genge la njia, yaani kundi la wafanyakazi wanaotunza reli, lilikuwa linatembea juu ya reli kila asubuhi, nyundo begani, likigonga na kutazama, hata kama jana hakukuwa na tatizo. Mimi natembea yangu kila Jumamosi, kwa tochi.

Kuhusu usafi nitasema haraka, ila msilipuuze. Kinyesi kikavu usikifagie, kwa sababu vumbi lake unalivuta. Kilowanishe kwa klorini ya nyumbani, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, ngoja dakika tano, kisha futa kwa karatasi, mikono ikiwa na glavu. Panya huleta homa ya leptospira na salmonela, na wenzetu wa Arua na Zombo wanajua kwamba viroboto wa panya hubeba tauni mpaka leo. Lakini klorini isiguse reli. Inaila, kama mkojo unavyoila. Reli na magurudumu futa kwa spiriti.

Waya nazo. Kidhibiti kinachotoa ampea 5 kwa volti 15 ni wati 75, na hizo zikipita kwenye waya mwembamba uliogusana zinatosha kuyeyusha plastiki, na chini ya meza kuna karatasi na mbao. Nenda kwa fundi wa magari, nunua balbu ya breki ya volti 12 na wati 21, uifunge katika mstari mmoja na waya unaokwenda kila sehemu ya njia. Siku zote itakaa imezimika. Panya akigusanisha waya, balbu inawaka, inauzuia umeme usizidi kwenye waya, na inakuonyesha ni sehemu ipi. Iganga ina balbu yake, Jinja yake. Kama ningekuwa nayo ile Krismasi, nisingekaa siku mbili na tochi mdomoni.

Swali hapo? Ndiyo, binti yangu. Anauliza wale watoto sita niliwafanyaje. Niliwafunika kwa karatasi yao, nikaita kijana wa boda aliyekuwa getini, nikampa shilingi elfu mbili, nikaingia ndani kuosha mikono. Sikuuliza.

Na wewe, mzee? Kama bado wapo? Jumanne iliyopita mtego mmoja ulifyatuka. Ulikuwa Malaba, nyuma ya kituo cha forodha, pale waya mpya wa taa unapopita dirishani. Nilichukua penseli nikajaribu, ikaingia hadi kwenye kifutio.