Leza, pointi na kiuno baada ya hedhi kukoma

Ndugu wahudumu, kabla ya kushika leza ya kupunguza kiuno, tuanze na kiuno chenyewe; mizani itafuata. Hedhi ikishakoma, yaani miezi 12 imepita bila damu, homoni ya estrojeni hushuka, misuli hupungua, na mafuta yaliyozoea kukaa mapajani huhamia tumboni. Ndiyo maana mama hulalamika sketi haifungi ilhali kilo ni zilezile. Mpime kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi. Kiuno kikizidi sentimita 80, hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo inapanda.

Leza tunayoizungumzia haiyeyushi mafuta. Ni mwanga hafifu unaoelekezwa kwenye pointi za akupancha, tiba ya Kichina ya kudunga sindano, ila hapa mwanga unatumika badala ya sindano. Tumboni hutumika Tianshu, cun 2 kila upande wa kitovu, na Zhongwan, cun 4 juu ya kitovu. Cun 1 ni upana wa kidole gumba cha mgonjwa, si chako.

Wengi huharibu kwenye dozi, nayo ni hesabu tupu. Nguvu ya leza (miliwati) ukiizidisha kwa muda unapata nishati (juli): miliwati 100 kwa sekunde 20 ni juli 2. Kalamu ya leza ya miliwati 5 itahitaji sekunde 400 kufikisha hizo juli 2, karibu dakika 7 kwa pointi moja! Mtu anaishikilia sekunde 20, kisha anasema leza haifai. Kalamu isiyoandikwa nguvu yake, usinunue.

Futa mafuta ya kujipaka, simamisha kichwa cha leza wima, kiguse ngozi. Melanini, yaani rangi ya ngozi, hufyonza mwanga mwekundu wa nanomita 650 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) zaidi kuliko infraredi ya 810, hivyo ngozi nyeusi hupata joto upesi. Akihisi kuungua, acha. Infraredi haionekani, kwa hiyo nyote wawili vaeni miwani iliyotengenezewa nanomita hizo. Miwani ya jua haikingi.

Usimulike tezi ya shingo wala penye saratani. Aliyeona damu tena baada ya hedhi kukoma aende kwa daktari kwanza.

Na tusiahidi kilo. Tafiti zilizopo ni ndogo, na nyingi ziliunganisha leza na mlo. Mama apunguze ugali na sukari, aongeze maharage, samaki na mayai, anyanyue vitu vizito mara 2 kwa wiki. Kiuno kisiposogea kufikia wiki ya 8, mwambie wazi, usimwuzie vipindi vingine.