Kabla Hujakubali Kuchongwa Meno ya Mbele, Nisikilize

Mwangaluka ndugu zangu wa Mwanza, na wote mnaonifuatilia kutoka kila upande wa ziwa. Hapa Leeds, Uingereza, manyunyu hayajakatika tangu asubuhi, nimejifungia ndani na chai yangu, na leo nataka tuongee meno. Tangu niwaambie kwamba nafanya kazi ya usaidizi kwa daktari wa meno, meseji zenu kutoka Kirumba, Igoma, Nyegezi mpaka Sengerema zinauliza jambo lilelile: "Dada, yale meno ya mastaa yanawekwaje, na mimi naweza kuwekewa?"

Unaweza. Ila kuna njia ya kupendezesha meno ya mbele inayokuachia jino lako, na kuna njia inayokunyang'anya. Kwenye matangazo huwezi kuzitofautisha, tabasamu ni lilelile.

Ninayoipenda mimi ni vinia za kompositi. Vinia ni tabaka jembamba linalofunika uso wa mbele wa jino. Kompositi ni ile resini yenye rangi ya jino ambayo daktari anazibia jino lililotoboka. Safari hii haijazwi kwenye tundu, inapakwa juu ya uso wa jino, tabaka kwa tabaka, kuficha doa, kurefusha ncha iliyomeguka au kunyoosha umbo.

Mle chumbani kazi yangu ni kupokezana vifaa na daktari na kuhakikisha jino halilowi, kwa hiyo haya nayaona kwa karibu kabisa. Rangi inachaguliwa mapema, jino likiwa bado na unyevu wake, kwa sababu likikauka linakuwa jeupe kuliko kawaida na unaweza kupewa rangi isiyo yako. Halafu meno yanazungushiwa kipande cha mpira kuzuia mate. Inapakwa jeli ya asidi ya fosforiki, inakaa sekunde 15 hadi 30, inaoshwa, na jino likikaushwa linaonekana limepauka kama ukuta uliopakwa chokaa. Asidi imefungua vijitundu vidogo mno kwenye enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, na gundi inayofuata inapenya humo. Uimara wote wa kazi uko hapo. Mate yakigusa sehemu ile kabla ya gundi, tunaanza upya, na daktari anayejali anaanza upya kweli hata kama nje kuna foleni.

Kisha inakuja kompositi yenyewe, laini, inatandazwa kwa kijiti bapa na brashi ndogo, na kila tabaka linamulikwa taa ya bluu kama sekunde 20 likakamae. Ya ndani inakuwa nzito, ya kwenye ncha inapitisha mwanga kidogo, kwa kuwa jino halisi ndivyo lilivyo. Ukiona meno meupe pee, bapa, rangi moja kutoka kwenye fizi mpaka ncha, jua aliyeyaweka alikuwa na haraka. Mwisho unang'ata karatasi ya bluu, panapobaki alama nzito panapunguzwa, halafu kunasuguliwa mpaka kung'ae. Mara nyingi hakuna sindano ya ganzi, kuchonga hakuna au ni kukwaruza kidogo tu, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Sasa ile nyingine. Vinia za kauri sizikatai. Zinatengenezwa maabara, zinapendeza, zinadumu miaka 10 hadi 15 au zaidi, na kwa kawaida daktari anapunguza kama nusu milimita ya uso wa jino. Kinachoniuma ni krauni, yaani kofia inayofunika jino lote, kwenye meno mazima. Vijana wengi wa hapa Uingereza wanapanda ndege kwenda Uturuki kufuata bei nafuu, wanaamini wanakwenda kuwekewa vinia, na wengine wanarudi wamevishwa krauni karibu mdomo mzima. Ili krauni ikae, jino linachongwa pande zote mpaka kinabaki kisiki. Meno yasiyo na ugonjwa! Mshipa wa ndani unaweza kufa baadaye, na hapo unahitaji matibabu ya mzizi. Enameli ikishaondoka haioti tena. Binti wa miaka 22 akichongwa leo, krauni zile atazibadilisha tena na tena maisha yake yote, na kila mara jino lake linapungua. Kwa hiyo mtu akikutumia picha ya meno ya namna hiyo akakwambia "na Mwanza tunafanya", muulize swali moja: utapunguza kiasi gani cha jino langu? Asipokujibu kwa milimita, ondoka.

Kompositi nayo ina udhaifu wake. Kwa wengi inadumu miaka 5 hadi 7, inashika rangi ya chai, kahawa, manjano na sigara, na inameguka. Lakini ikimeguka inazibwa palepale, na ukichoka nayo, jino lako bado lipo chini yake.

Nizungumze na wale wenye meno ya kahawia, maana meseji zenu ndizo zilizonifanya niwashe kamera leo. Dada mmoja ameniandikia kwamba akicheka anaweka mkono mdomoni, hata harusini kwake picha zote amefumba mdomo. Sikia, mpenzi wangu: huo si uchafu, na si kwamba hukupiga mswaki. Ni floridi, madini yaliyomo kwenye maji, iliyoingia mwilini kwa wingi ukiwa mtoto, wakati enameli ya meno ya ukubwani inajengeka bado ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji, lakini Arusha, Manyara, Singida na sehemu za Shinyanga na Mara kuna visima vinavyopita hapo kwa mbali. Magadi ya kupikia maharage na mboga nayo yanaongeza. Maji ya Ziwa Victoria yana floridi kidogo, ndiyo maana ndugu wawili, mmoja amekulia Capri Point na mwingine kijijini kwa bibi kwenye maji ya kisima, wanaweza kuwa na meno tofauti kabisa.

Kwenye meno ya aina hiyo usianze na vinia. Doa jepesi linaweza kupungua kwa dawa ya kung'arisha inayosimamiwa na daktari, au kwa daktari kusugua tabaka jembamba la juu. Likibaki, ndipo kompositi. Na mpangilio uwe huo huo, maana kompositi haing'arishiki: ukishapaka ndipo ung'arishe, meno ya jirani yatabadilika na vinia itabaki na rangi yake ya zamani. Baada ya kung'arisha subirini kama wiki mbili, gundi ipate kushika vizuri. Na ile ya kusugua mkaa na limau, naomba muiache leo. Limau linalainisha enameli na mkaa unaikwangua, vyote kwa mkupuo mmoja.

Wenye mwanya mnaotaka kuuziba: kompositi inaziba mwanya vizuri sana, sitawaficha. Lakini kwetu mwanya ni urembo, kuna mabinti wanasifiwa kwa huo tu, na mimi nikiulizwa nasema uache. Hilo ni lako kuamua.

Fizi zikitoka damu ukipiga mswaki, hakuna vinia kwanza. Ondoa ugaga, fizi zipone, ndipo mrudi kwenye urembo. Gundi na damu havipatani.

Halafu tuulizane, meno hayo yataishi wapi? Yataishi Mwanza. Yatakutana na miwa ya kumenya kwa meno, mahindi ya kuchoma barabarani, mifupa ya sato. Nawajua watu wangu: soda inafunguliwa kwa meno, dada wa saluni anakata uzi wa kushonea nywele kwa meno ya mbele, na pale Mwaloni nimekua nikiwaona wazee wakishona nyavu, uzi wa nailoni umebanwa hapa mbele, wanaukata kwa kung'ata bila hata kuangalia. Kompositi haiwezi hiyo kazi. Muwa ukate kwa kisu, nyama uitafunie pembeni, mkasi mdogo uning'inize shingoni. Kama unasaga meno usingizini mwambie daktari kabla, atakutengenezea kinga ya kuvaa usiku.

Bei ya kompositi hapa Uingereza mara nyingi ni pauni 200 hadi 400 kwa jino moja, kwa hiyo msidhani mtu wa Ulaya anazipata bure. Huduma ya afya ya serikali hailipii urembo. Huko nyumbani ulizeni bei mbili tatu, na kabla ya hapo mkapate uchunguzi; hospitali za Bugando na Sekou Toure wapo madaktari wa meno. Mtu anayekuja nyumbani na begi lenye gundi na taa, hata akiwa na wafuasi laki moja, msimfungulie mdomo. Daktari wa meno halali amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kumuuliza usajili wake si utovu wa adabu.

Na siku ikifika, kabla hujashuka kwenye kiti, omba uzi wa kusafishia meno. Upitishe mwenyewe katikati ya kila jino lililopakwa, taratibu, mpaka kwenye fizi. Ukikwama au ukichanika, basi meno yameunganishwa au ukingo umeachwa na ngazi. Chakula kitajificha hapo, fizi itavimba, na harufu itafuata. Irekebishwe saa ileile, hujalipa bado.

Picha za meno msinitumie, mimi si daktari na picha ya simu haitoshi kumwambia mtu afanye nini. Maswali andikeni hapa chini, nasoma yote. Na wewe dada wa picha za harusi, nimekujibu kwa urefu kwenye meseji, ifungue.